Punda wa Dobi Alifikaje Unguja? Maneno kwa Wanaoanza Fasihi Linganishi

(Hotuba hii ilitolewa jijini Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa fasihi, hasa wa mwaka wa kwanza, walimu na wazazi. Tunaiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Slaidi tumeziacha.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi wetu mlioacha shughuli zenu Jumamosi asubuhi, na ninyi wanafunzi. Walionizidi umri, shikamooni. Wengine wote, hamjambo? Hamjambo tena? Haya, hiyo ya pili ina uhai kidogo.

Najua mvua ya leo, na najua foleni ya Ubungo ilivyokuwa. Aliyefika hapa na viatu vikavu anyooshe mkono atuambie alipita wapi.

Nimeombwa nizungumzie somo la fasihi linganishi, yaani kusoma kazi za lugha na nchi mbalimbali bega kwa bega, na nadharia ya fasihi, yaani njia za kuzisoma na kuzifasiri: linahusu nini, linasomwaje, na mzazi anayelipa ada anapata nini. Nina jambo moja tu la kusema, na nalisema sasa hivi ili hata atakayetoka kabla ya chai aondoke nalo. Soma kitabu kabla hujachagua nadharia. Kisome kizima. Kisha tafuta kitabu cha pili, ikiwezekana cha lugha nyingine, kinachogusa jambo lile lile, uviweke mezani pamoja. Swali litakujia lenyewe. Likishakuja, ndipo uende kwenye nadharia kumtafuta aliyewahi kuliuliza kabla yako.

Mtasema, Mwalimu, hilo nani asiyelijua? Basi ngoja niwaambie yanayonipata ofisini.

Kila mwaka, msimu wa mapendekezo ya utafiti ukifika, mlango unagongwa. Anaingia kijana, ana karatasi zake kutoka steshenari, bado za moto. "Mwalimu, nimepata mada." Hongera. Mada gani? "Nataka kutumia nadharia ya ufeministi." Vizuri sana. Kwenye kitabu gani? Hapo anaangalia dari. "Kitabu bado sijachagua, Mwalimu." Lakini sura ya pili ameshaiandika! Mwasisi wa nadharia yupo, mwaka upo, mihimili mitano ipo. Yote imetoka kwenye tasnifu ya mwaka juzi, ambayo nayo iliyatoa kwenye madesa, zile nukuu za kukariri, ya mtu mwingine. Nimewahi kuona jina la mwananadharia limekosewa herufi, na kosa lile lile likarithishwa kutoka tasnifu hadi tasnifu, kizazi hata kizazi, bila hata mmoja kusimama akasema, jamani, huyu mtu anaandikwaje?

Na matokeo ya utafiti wa namna hiyo yanakuwaje? Yanajulikana kabla ya kuanza. Umechagua ufeministi: umegundua kwamba mhusika wa kike anaonewa. Umechagua Umarx: umegundua kwamba tajiri anamnyonya maskini. Ningekuja usiku nikakubadilishia kitabu, nikakuwekea kingine, sura yako ya nne, ile ya uchambuzi, isingejua. (Kicheko.) Mnacheka, lakini wengine mnaocheka mko mwaka wa tatu.

Silaumu vijana peke yao. Sisi walimu ndio tunaofundisha nadharia kama orodha ya dawa na mitihani yetu inadai orodha. Mwanafunzi anayeogopa sapu, ule mtihani wa kurudia, atakupa orodha.

Kwa hiyo, kabla sijataja jina la mwananadharia yeyote, nawapa hadithi. Wangapi hapa walisimuliwa kisa cha kima na papa? Naona mikono ya akina mama huko nyuma. Vijana, aibu kidogo.

Kima alikaa kwenye mkuyu mkubwa ulioota ufukweni, nusu ya matawi juu ya nchi kavu, nusu juu ya bahari. Kila siku akichuma matunda humtupia rafiki yake papa aliye chini majini. Siku moja papa akamwambia, umenifadhili muda mrefu, twende kwetu nikakulipe wema. Kima akapanda mgongoni. Walipofika katikati, papa akaona bora amwambie ukweli: sultani wetu ni mgonjwa sana, na dawa yake tumeambiwa ni moyo wa kima. Kima akafikiri upesi. Akasema, ndugu yangu, mbona hukuniambia mapema? Sisi kima tukisafiri, mioyo tunaiacha mtini. Turudi nikauchukue. Wakarudi. Kima akapanda juu akanyamaza. Papa akaita, akaita tena. Ndipo kima akamjibu: unanifanya mimi punda wa dobi?

Papa akauliza, punda wa dobi ndiye nani? Na hapo hadithi ya pili ikaanza ndani ya tumbo la ya kwanza. Punda alimtoroka dobi wake akanenepa porini. Simba aliyedhoofika kwa ugonjwa alimtaka. Sungura akatumwa kumrubuni. Punda akaja, simba akamrukia, punda akaponea chupuchupu. Sungura akamfuata tena, akamrubuni tena, na punda akarudi! Safari hii hakupona. Simba alipotaka kula moyo na masikio, akakuta Sungura ameshavila. Viko wapi? Sungura akasema, punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudi mara ya pili?

Hadithi hii ilichapishwa London mwaka 1870 na Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyeziandika hadithi za Kiswahili kama alivyosimuliwa na watu wa Unguja. Ukiisoma unaapa ni ya kwetu. Mkuyu wa kwetu, bahari ya kwetu, Sungura wa kwetu kabisa.

Sasa fungua Panchatantra, mkusanyo wa hadithi wa India ulioandikwa kwa Kisanskriti. Kima yumo. Moyo ulioachwa mtini umo. Punda asiye na moyo wala masikio yumo. Katika karne ya 6 mkusanyo huo ulitafsiriwa kwa Kiajemi cha kale na tabibu aitwaye Borzuya. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akautia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna, na kutoka hapo ukasambaa mpaka Ulaya. Pwani yetu ilikuwa na milango yote miwili, wa wasomaji wa Kiarabu na wa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuja na kaskazi.

Je, kazi yetu imekwisha? Tumegundua kwamba hadithi imetoka India, tufunge daftari? Wengi hufunga hapo. Wanaita hiyo fasihi linganishi: huyu kaiga, yule kaigwa. Mimi nasema hapo ndipo inapoanza. Tazameni vilivyobadilika njiani.

Mnyama wa majini kabadilika. Kwa Kisanskriti ni wa jamii ya mamba, kwa Kiarabu ni kasa, kwetu ni papa. Mbweha wa India kampisha Sungura, kwa sababu huku kwetu ujanja una mwenyewe na mwenyewe ni Sungura. Huyu huyu ndiye aliyevuka Atlantiki na watu wetu akawa maarufu Marekani. Dobi amebaki dobi safari nzima, sijui kwa nini huwa nafurahi kumwona kila mara. Lakini mtazameni anayeutaka ule moyo. India, ni mke. Katika Kiarabu, ni mke. Mke wa mnyama wa majini haupendi urafiki wa mumewe na kima, ndiye anayedai moyo. Ni wivu wa nyumbani. Ikifika Unguja, mke katoweka. Anayeutaka moyo ni sultani.

Rudieni hilo polepole. Mke katoweka. Kaja sultani.

Sasa hamna swali? Mnalo! Na mkishakuwa nalo, nadharia zenyewe zinapanga foleni. Anakuja Vladimir Propp, Mrusi, ambaye mwaka 1928 alitoa uchambuzi wa ngano 100 za Kirusi akaonyesha kwamba matendo ya msingi ni 31 tu na hurudi kwa mpangilio ule ule, hata watendaji wakibadilika. Propp atakwambia nafasi ya mwenye kudai moyo ipo siku zote, kinachobadilika ni nani anaikalia. Vizuri, lakini kwa nini Unguja aikalie sultani? Hapo Propp ananyamaza, na anaingia mhakiki wa Kimarx. Anakukumbusha kwamba hadithi hii iliandikwa katika mji ambao soko lake la watumwa lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Katika mji ambamo mwili wa mtu una bei, na mashamba ya karafuu ni ya wakubwa, wasikilizaji wanasikia nini wanapoambiwa kwamba mkubwa anaumwa na dawa yake iko kifuani mwa mdogo?

Anakuja mhakiki wa kifeministi, na safari hii ana kazi ya kweli. Anauliza yule mke kaenda wapi? Kuondolewa kwake kumewatua wanawake lawama ya fitina, au kumewafuta tu hadithini? Anakuja na mhakiki wa baada ya ukoloni, naye anauliza nani alisimulia, nani alishika kalamu, na msomaji aliyekusudiwa alikuwa nani. Maana Steere huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa askofu na kusimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini mahali pale pale palipokuwa na soko la watumwa. Sikio la mtu wa namna hiyo lilichagua nini cha kuandika na nini cha kuacha?

Mmeona? Nadharia nne, hakuna hata moja tuliyoikariri. Zote zimeitwa na sultani mmoja aliyekaa mahali pa mke. Na asingeonekana kama tungesoma Kiswahili peke yake.

Mfano wa pili ni wa darasani. Nilitoa kazi ndogo ya dakika kumi: bila kufungua kitabu chochote, andika nguo ya Yusufu ilitumikaje katika kesi yake na mke wa bwana wake. Nikakusanya karatasi. Nusu ya darasa waliandika kwamba nguo ilimtia hatiani. Nusu nyingine kwamba nguo ilimtoa hatiani. Kukawa na ubishi! Binti mmoja aliyesoma madrasa Temeke na kijana aliyekulia parokiani Kigoma karibu washikane mashati, na kila mmoja anaapa mwenzake hakusoma vizuri.

Wote wawili walikuwa sahihi. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 39, Yusufu anakimbia anaiacha nguo mkononi mwa mwanamke, na mwanamke anaitumia ile nguo kama ushahidi dhidi yake. Katika Kurani, sura ya Yusuf, wanakimbilia mlangoni wote wawili na kanzu inachanika kwa nyuma. Shahidi anasema, kama imechanika mbele, mwanamke kasema kweli. Kama imechanika nyuma, mwanamume ndiye mkweli. Inakutwa imechanika nyuma. Gerezani bado anaingia baadaye, lakini msomaji ameshajua, na walio ndani ya kisa nao wanajua.

Kitu kile kile, nguo. Upande mmoja ushahidi unasema uongo, upande wa pili unasema kweli. Hebu fikirini hilo linamaanisha nini kwa namna kila kisa kinavyomtazama hakimu, kinavyoitazama haki ya duniani. Tulikaa hapo wiki mbili na silabasi ikasubiri.

Kisha nikawapa riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2022 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, imechapwa hapa hapa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Mhusika mkuu anaitwa nani? Yusuf. Ana miaka 12, na baba yake anamtoa kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Mke wa tajiri anamtaka. Kijana anakimbia. Shati linachanika wapi? Nyuma!

Binti wa Temeke alipiga meza. Alijua atakachokisoma mbele: kijana atatakaswa, atapanda cheo, ataota ndoto, atawalisha ndugu zake wakati wa njaa. Akaendelea kusoma. Yusuf wa Gurnah hapandi cheo chochote. Shati linamsafisha lakini halimpi uhuru, kwa kuwa deni liko pale pale. Na mwishoni, vita kuu ya kwanza ikinukia, kijana anatimua mbio kuwafuata askari wa Wajerumani. Binti akaniuliza, "Mwalimu, sasa ushahidi una faida gani kwa mtu aliyewekwa rehani?" Nikamwambia, hiyo ndiyo tasnifu yako. Kaandike.

Sikumpa nadharia. Alikuja kuitafuta mwenyewe. Akakutana na habari ya mwingilianomatini, yaani namna matini moja inavyoishi ndani ya nyingine, neno ambalo lilimtisha mwaka mzima uliotangulia, na akaona kumbe linataja kitu alichokwisha kukifanya kwa mikono yake. Ana haki ya kulitumia sasa. Wengi wetu tunalitumia bila haki hiyo.

Nigusie jambo linaloniuma. Katika vyuo vyetu vingi, fasihi ya Kiswahili iko jengo hili na fasihi kwa Kiingereza iko jengo lile. Anayemsoma Kezilahabi hamsomi Gurnah, na anayemsoma Gurnah hajamfungua Shaaban Robert. Wanakutana kantini tu. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake wawili, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong, waliandika waraka pale chuo kikuu Nairobi mwaka 1968 wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati na nyingine zipangwe kuizunguka. Zinaizunguka, ndugu zangu. Hawakusema zijifungie kila moja chumba chake.

Sasa kuna wanaosema nadharia ni kitu cha Wazungu, tuachane nayo. Nawaheshimu, lakini nawauliza: mmesahau ugomvi wa ushairi?

Mwaka 1954 Amri Abedi, ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili, alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Kina hiki, mizani hizi. Wanafunzi wa sekondari mnazijua: mistari minne, mizani 16 kila mstari, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, akatoa diwani ya Kichomi. Vina hakuna. Mizani haihesabiki. Moto ukawaka! Magazetini, majaridani, madarasani. Wanamapokeo, watetezi wa kanuni za kale, wakasema hili si shairi, ni insha iliyokatwakatwa. Wanamabadiliko wakajibu kwamba vina na mizani ni nguo tu, mwili wa shairi uko kwingine. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu kutetea upande wa mabadiliko kwa hoja. Mwaka 1984 Mayoka akajibu kutoka upande wa pili, na kitabu chake akakiita kwa jina lake halisi, Mgogoro wa Ushairi.

Shairi ni nini? Kuna swali la nadharia kubwa kuliko hilo? Lilijadiliwa kwa Kiswahili, na watu ambao wengine hawakuwahi kukanyaga chuo kikuu, na walikuwa wakali kuliko semina yoyote niliyoihudhuria. Na hoja zao walizijengea nini? Ulinganishi! Wanamapokeo wakaonyesha tungo za kale za pwani, Al-Inkishafi, Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 unaosimulia vita vya Waislamu na Warumi wa mashariki, wakasema tazameni vina vilivyokaa. Wanamabadiliko wakaenda bara, kwenye nyimbo na tendi za makabila yetu. Mulokozi mwenyewe amezishughulikia sana tendi za enanga za Wahaya, ambamo ala ya muziki inabeba mdundo na hakuna anayekaa kuhesabu silabi. Wakauliza, hizi nazo mtaziita insha?

Kwa maoni yangu upande wa mabadiliko ulikuwa na hoja nzito zaidi, na upande wa mapokeo ulikuwa na mashairi mazuri zaidi. Mwenyekiti ananiangalia vibaya, yeye ni malenga. Tutamalizana kwenye chai.

Kezilahabi hakuishia hapo. Alikwenda Wisconsin, Marekani, na mwaka 1985 akamaliza uzamivu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Alihoji vyombo vyenyewe tunavyotumia kusomea, nani alivichonga na kwa ajili ya nini. Halafu akarudi akaandika Nagona na Mzingile, vitabu ambavyo mwanafunzi akivipangiwa anaomba abadilishiwe. Msiviogope. Visomeni mara ya kwanza bila kalamu.

Wanafunzi wananiambia, Mwalimu, maktaba haina vitabu. Ni kweli kwa sehemu, na tuendelee kupiga kelele. Lakini niwape habari ya Erich Auerbach. Huyu alikuwa profesa wa Kijerumani, Myahudi, aliyefukuzwa kazi Marburg mwaka 1935 na utawala wa Hitler. Akakimbilia Istanbul. Vita vikaanza, vitabu na majarida ya taaluma yake hayapatikani. Kati ya 1942 na 1945 akaandika kitabu kiitwacho Mimesis ambacho mpaka leo wanafasihi linganishi wote wanakipitia. Kinaanza kwa kuweka pamoja mambo mawili ambayo mngeweza kuyapata popote: kovu mguuni mwa Odiseo, shujaa wa utenzi wa kale wa Wagiriki, na Ibrahimu akimpeleka mwanawe kumtoa sadaka. Mwishoni anakiri kwamba huenda kitabu kisingeandikwa kama angekuwa na maktaba iliyojaa, kwa sababu angejaribu kusoma kila kilichosemwa asifike kwenye kuandika.

Sasa msininukuu vibaya nje. Sijasema maktaba zifungwe! Auerbach alikuwa na lugha kadhaa kichwani na miaka mingi ya kusoma, ndiyo akiba aliyoingia nayo uhamishoni. Na ninyi mnayo akiba ambayo hamjaihesabu. Hapa ndani kuna Kihaya, Kisukuma, Kinyakyusa, Kimakonde, Kigogo. Kuna waliohitimu madrasa wanaosoma Kiarabu bila kigugumizi halafu wanaandika kwenye fomu "lugha: Kiswahili na Kiingereza". Kwa nini? Andikeni! Mji huu una Alliance Française, una Goethe-Institut, Mlimani pana Taasisi ya Confucius. Bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, simu mpya inaweza kusubiri muhula mmoja. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa Allen, miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katalogi yake ilichapishwa tangu 1970. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuisoma. Wewe unapanda daladala la Simu 2000.

Wazazi, sijawasahau. Najua swali lenu: akimaliza atafanya kazi gani? Sitawadanganya kwamba kuna ofisi imeandikwa mlangoni "Mlinganishi wa Fasihi". Ajira ni ngumu kwa kila shahada, na hii haina kinga. Wahitimu wetu wako kwenye ualimu, uchapishaji, redio na televisheni, ukalimani na tafsiri, wengine wanafundisha Kiswahili nje. Kiswahili sasa kinatumika Umoja wa Afrika, na UNESCO imekitengea siku yake, Julai 7. Kazi za lugha zipo, na anayezipata ni yule mwenye lugha tatu anayeweza kusoma waraka mrefu na kukwambia umeficha nini. Mwenye madesa hatazipata. Kwa hiyo mzazi, mtoto akikwambia anahitaji pesa ya kitabu, mwombe akuonyeshe kitabu. Na akishakisoma, mwombe akusimulie. Utajua haraka sana ada yako imekwenda wapi.

Nimalize na kazi, maana mimi ni mwalimu. Kitabu cha Steere hakina tena hakimiliki ya kumzuia mtu kukisoma, kipo bure kwenye intaneti, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ndani yake, mbali na punda wa dobi, kuna kisa kirefu cha Sultani Darai, cha paa anayempatia maskini utajiri na mke. Kisomeni chote. Halafu tafuteni kile kisa cha Wafaransa cha paka aliyevaa buti, alichokiandika Perrault mwaka 1697. Vinafanana hatua kwa hatua mpaka karibu na mwisho. Nendeni mkaone paka alimalizaje maisha yake, na paa wetu alimalizaje yake. Mkutano ujao kila mmoja aje na swali moja aliloliandika kwa mkono, na atakayeanza na sentensi "utafiti huu utaongozwa na nadharia ya" nitamrudisha mlangoni.

Sasa naomba maswali. Tuanze na wewe hapo karibu na mlango, maana naona unaangalia saa na kwenu ni Mbagala.